Wanafunzi wa sekondari na majirani wasio na nyumba: jinsi ya kusaidia bila kuumiza wala kuumia

Je, wewe ni mwanafunzi wa sekondari unayeishi Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja, Kyangwali au katika kijiji cha wenyeji kilicho karibu? Je, kuna mtu unayemjua ambaye hana paa la kulala, nawe unataka kumsaidia? Au wewe ni mzazi ambaye mtoto wake ameomba ruhusa ya kwenda na wenzake kukandika nyumba ya bibi mmoja siku ya Jumamosi?

Makala hii ni yenu. Inaeleza ni nani hasa asiye na makazi kambini, kazi gani mwanafunzi anaweza kuifanya, kazi gani asiiguse, na hatua za kufuata ili msaada usilete madhara. Mifano mingi ni ya Uganda. Kama uko Kenya au Tanzania, kuna sehemu yenu karibu na mwisho.

Jambo moja likumbukwe tangu mwanzo. Msaada wa mwanafunzi una mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayoufanya ufae. Kundi la wanafunzi 10 linaloijua kazi yake linaweza kumwingiza mzee ndani ya nyumba yake kabla ya mvua. Kundi la 10 lisiloijua linaweza kumwachia ukuta unaoanguka, ugomvi na majirani kuhusu miti iliyokatwa, na picha yake kwenye simu za watu asiowajua.

Nani hana makazi kambini?

Mjini, mtu asiye na makazi huonekana: analala kibarazani mwa duka au kwenye kituo cha mabasi. Kambini mara nyingi haonekani, kwa sababu jina lake liko kwenye orodha na watu hudhani amekwisha kusaidiwa. Waangalie hawa:

- Waliofika karibuni. Kundi la M23 liliingia Goma mwezi Januari 2025 na Bukavu mwezi Februari, na familia nyingi zilivuka mipaka. Wanaoingia kusini magharibi mwa Uganda hupitia vituo vya muda kama Nyakabande, wilayani Kisoro, kisha hupelekwa kambini. Nakivale wanapokelewa katika kituo cha Kabazana, ambako hulala katika majengo ya pamoja wakisubiri kiwanja.
- Wenye kiwanja lakini wasio na nguvu ya kujenga. Hawa ni wazee wanaoishi peke yao, watu wenye ulemavu, wagonjwa, wajawazito, na mama mwenye watoto wadogo asiye na mtu mzima wa kumsaidia.
- Walioangukiwa na nyumba. Mvua imeporomosha ukuta, upepo umechukua turubai, au moto wa jiko umeteketeza paa.
- Wanaolala kwa watu. Familia mbili katika chumba kimoja, au kijana anayehama kila wiki kutoka kwa rafiki mmoja hadi mwingine.
- Watoto wasio na wazazi. Wapo wanaolala sokoni au kwenye vibanda vya biashara. Hawa wanahitaji wataalamu wa ulinzi wa watoto kabla ya kitu kingine chochote.
- Wenyeji. Mvua haiulizi nani ana kadi ya mkimbizi. Katika vijiji vinavyozunguka kambi wapo wajane na wazee ambao nyumba zao zimeanguka na hawana wa kuwajengea.

Hilo la mwisho lina uzito. Utaratibu uliozoeleka Uganda ni kwamba kati ya kila misaada 100 inayoletwa kwa ajili ya wakimbizi, 30 iwafikie wenyeji. Shule nyingi za kambini husomwa na watoto wa pande zote mbili. Kundi la wanafunzi likifuata moyo huohuo, likajenga kwa mkimbizi na kwa mwenyeji, litapata heshima ambayo tangazo la redio haliwezi kuileta.

Kwa nini mtu mwenye kiwanja bado hana nyumba?

Uganda huwapa wakimbizi wa kambini kiwanja cha kujenga na, pale nafasi inaporuhusu, sehemu ya kulima. Kipimo kilichozoeleka kwa muda mrefu ni mita 30 kwa mita 30, lakini katika kambi zilizojaa kimepungua. Pamoja na kiwanja, familia hupewa vifaa vya kuanzia maisha: turubai, miti michache, kamba, na vyombo kama sufuria, blanketi na jerikani. Baada ya hapo, kujenga ni kazi ya mwenyewe.

Hebu tupige hesabu. Turubai la kawaida la misaada lina mita 4 kwa 5, yaani mita 20 za mraba. Kipimo cha chini kinachokubalika kimataifa wakati wa dharura ni mita 3.5 za mraba za sakafu kwa kila mtu. Familia ya watu 5 inahitaji mita 17.5. Lakini turubai likiwekwa kama paa lenye mteremko pande mbili, na kingo zake zikishuka kuzuia mvua, eneo linalobaki chini yake ni dogo kuliko mita 20. Kwa hiyo turubai moja halitoshi kwa watu 5. Pia jua hulichakaza, na baada ya muda linaanza kupasuka.

Ndiyo maana watu hujenga kuta za miti na udongo. Nyumba ya namna hiyo haidai pesa nyingi. Inadai mikono: kuchimba mashimo ya nguzo, kufunga fito, kuchota maji, kukanyaga udongo, kukandika, kusubiri ukauke, kisha kukandika tena. Kijana na kaka zake wanaimaliza kwa siku chache. Bibi wa miaka 70 hawezi, na fundi hatakuja bila malipo. Pengo liko hapo, na hapo ndipo mwanafunzi anapofaa.

Katika miaka ya karibuni pengo hilo limekuwa kubwa zaidi, kwa sababu misaada imepungua. Zamani mzee aliweza kuuza sehemu ya mgao wake amlipe fundi. Mgao ukikatwa, hana cha kuuza.

Kazi ambazo wanafunzi wanaweza kufanya

- Kukanyaga udongo na kukandika. Hii ndiyo kazi inayomeza muda mwingi na isiyo na hatari kubwa. Watu 10 hukandika chumba kimoja kwa nusu siku. Acheni tabaka la kwanza likauke na kupasuka nyufa, ndipo mrudi kupiga la pili. Tabaka moja tu huliwa na mvua ya kwanza.
- Kuchimba mfereji kuzunguka nyumba. Nyumba nyingi za udongo huanza kuanguka kutoka chini, maji yanapolowesha mguu wa ukuta. Mfereji wenye kina cha kiganja kimoja au viwili, unaopeleka maji mbali na pasipo kuyaelekeza kwa jirani, huongeza maisha ya nyumba.
- Kufunga turubai vizuri. Likilegea, upepo hulipiga mpaka lipasuke. Likipigiliwa misumari mitupu, linachanika. Wekeni kizibo cha soda na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kati ya msumari na turubai.
- Kuchota maji. Jerikani ya lita 20 iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Wanafunzi wadogo wabebe za lita 5 au 10.
- Kukaa na watoto. Mama akipata mtu wa kumwangalizia watoto kwa saa tatu, anaweza kujijengea mwenyewe.
- Kusoma na kuandika. Wapo wasioweza kusoma tangazo la ofisi au ujumbe wa simu. Kumsomea mtu barua yake taratibu, kwa lugha anayoielewa, ni msaada mkubwa.
- Kuandika orodha. Hii watu huisahau. Pitieni kijiji chenu pamoja na kiongozi, muandike nyumba zilizoanguka, nani anaishi humo na shida yake ni ipi. Nakala moja mpeni mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi, yaani RWC, nyingine ibaki kwa mwalimu. Kwa upande wa wenyeji, mpelekeeni mwenyekiti wa LC1. Orodha iliyoandikwa vizuri ina thamani sawa na kuta zilizokandikwa.

Kwa nini orodha? Kwa sababu makazi ya wakimbizi hayawezi kuwa mzigo wa watoto wa shule. Kifungu cha 21 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinazungumzia nyumba, na wajibu huo ni wa serikali. Uganda, mwenye kusimamia kambi ni Ofisi ya Waziri Mkuu, inayojulikana kama OPM, ikishirikiana na UNHCR na mashirika mengine. Wanafunzi wakijenga kimya kimya bila kuripoti, shida inafichika na aliyepaswa kuitatua hataijua.

Kazi ambazo mwanafunzi asizifanye

- Kushuka ndani ya shimo la choo. Udongo huporomoka bila kutoa ishara. Shimo refu ni kazi ya watu wazima wenye uzoefu. Wanafunzi wanaweza kuondoa udongo uliokwisha kutolewa juu.
- Kupanda juu ya paa. Miti iliyoliwa na mchwa huvunjika ghafla. Muachieni fundi au mtu mzima anayejua.
- Kukata miti au nyasi bila ruhusa. Kila mti una mwenyewe, hata kama hauna uzio. Ugomvi mwingi kati ya wakimbizi na wenyeji huanzia kwenye kuni na miti ya kujengea. Ulizeni kwanza kwa LC1 na RWC ni wapi miti inaruhusiwa kuchukuliwa au kununuliwa.
- Kutafsiri mahojiano ya siri. Ukijua Kiswahili na Kinyankole, unaweza kumsaidia mgeni kuuliza foleni iko wapi. Lakini mtu anapoeleza yaliyompata, kama kubakwa, vitisho au kesi ya familia, anahitaji mkalimani aliyefundishwa na kuapa kutunza siri. Wewe ni jirani yake. Kesho mtakutana bombani, na pengine hatapenda ujue.
- Kumpeleka mtoto asiye na wazazi nyumbani kwenu. Hata kwa nia njema, hilo linaweza kumpoteza kwenye utaratibu wa kutafuta familia yake. Ripoti kwanza.
- Kuahidi. Usiseme "tutakuletea mabati" wala "tutakuombea nafasi ya kwenda nje". Ahidi tu kile kilichomo mikononi mwako leo.

Kabla ya kuanza: hatua sita

1. Tafuteni mtu mzima wa kuwajibika. Anaweza kuwa mwalimu mlezi wa klabu, kiongozi wa dini au fundi wa kijiji. Kundi lisilo na mtu mzima lisianze.
2. Pateni ruhusa ya shule na ya wazazi kwa maandishi. Barua iseme ni siku gani, wapi, kazi gani na saa ya kurudi.
3. Ongeeni na RWC au LC1. Wao wanajua nani amekwisha kusaidiwa, nani ana mgogoro wa kiwanja, na nani hajatajwa popote. Msijenge kwenye kiwanja chenye mgogoro. Mnaweza kuonekana mmechagua upande.
4. Mwulizeni mwenyewe. Nendeni wawili au watatu, si kundi zima. Mwulize: "Mama, ungependa tukusaidie? Kazi gani ungependa ianze?" Akisema hapana, mshukuruni na mwondoke. Akisema anataka choo kabla ya nyumba, yeye ndiye anajua usiku wake ulivyo.
5. Kubalianeni kuhusu kinachohitajika. Nani ataleta jembe? Maji yatatoka wapi? Udongo utachimbwa wapi? Shimo la udongo lifukiwe baada ya kazi, maana likijaa maji ya mvua linazalisha mbu na mtoto anaweza kuzama.
6. Gawanyeni kazi. Wawe na kiongozi wa kundi, mtunza vifaa, na mwandishi wa daftari. Wavulana na wasichana wote wakandike na wote wachote maji. Kama wasichana wanapika tu huku wavulana wakijenga, mmeileta kazi ya nyumbani shambani.

Siku ya kazi

Anzeni asubuhi na mapema, kabla ya jua kali, na mmalize kabla ya saa nane mchana. Mwanafunzi asirudi nyumbani gizani. Asiende mtu peke yake kwa mtu yeyote, hata kama anamfahamu. Tembeeni wawili wawili.

Vaeni viatu vilivyofunika miguu kama mnavyo. Kabla ya kuingiza mikono kwenye nyasi au mawe, pigeni kwa fimbo, maana nyoka hupenda kujificha humo. Kuweni na maji safi ya kunywa na sabuni ya kunawa. Mwenye homa au kuharisha abaki nyumbani.

Msile chakula cha mwenye nyumba. Kwa desturi zetu mgeni hukaribishwa, na mzee anaweza kuona aibu asipowapa kitu. Mwambieni mapema kwa heshima kwamba mmekuja mmekula. Akisisitiza, pokeeni kikombe cha maji na mmshukuru. Mgao wake wa wiki usiishie kwa watu 10 waliokuja kumsaidia.

Mwacheni ashiriki. Hata asiyeweza kukanyaga udongo anaweza kuonyesha mlango uelekee wapi na dirisha liwe upande gani. Nyumba ni yake. Msije mkamjengea banda mnalolitaka ninyi.

Maswali yasiyoulizwa na picha zisizopigwa

Mtu aliyekimbia vita si kipindi cha redio. Usimwulize wazazi wake walikufaje, wala kwa nini hana mume, wala alipata wapi kovu. Akitaka kusimulia, sikiliza. Akinyamaza, endelea kukandika. Ukiyasikia mazito, usiyapeleke shuleni kuwa hadithi.

Picha ni jambo la hatari kuliko wengi wanavyodhani. Wako watu waliokimbia wakitafutwa. Picha moja ya WhatsApp au Facebook yenye sura yake na jina la kijiji inaweza kumfikia mtu asiyepaswa kujua alipo. Kama shule inahitaji kumbukumbu, pigeni picha ya ukuta kabla na baada, bila watu. Watoto wasipigwe picha kabisa.

Masomo yako je?

Kujitolea kusikule darasa lako. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinamlinda kila aliye chini ya miaka 18 dhidi ya kazi ya hatari na kazi inayozuia elimu yake. Ikiwa mtu anawatoa wanafunzi darasani kwenda kujenga, au anawalazimisha, huko si kujitolea. Aliyekataa asiadhibiwe wala asichekwe.

Kalenda inaweza kuwasaidia. Kusini magharibi mwa Uganda mvua hunyesha hasa kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 5, na tena kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 11. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka na ile ya baada ya muhula wa pili, mwishoni mwa mwezi wa 8, zote mbili hutangulia mvua. Huo ndio wakati wa kujenga: kuta zinapata jua la kukauka na ninyi hampotezi vipindi. Wakati wa mvua fanyeni kazi ndogo tu, kama kuzibua mifereji na kukaza turubai.

Miezi ya 10 na 11 ni ya mitihani ya taifa. Wanafunzi wa S4 na S6 waachwe wasome. Kwa wengine, Jumamosi moja au mbili kwa mwezi inatosha.

Wekeni daftari: tarehe, kijiji, kazi iliyofanyika, saa ngapi, nani alikuwepo. Msiandike siri za mwenye nyumba. Mwisho wa mwaka mwalimu anaweza kumwandikia kila mmoja barua ya kujitolea kutokana na daftari hilo. Barua hiyo ni ushahidi wa tabia na uwezo unapoomba nafasi ya masomo au kazi. Kwa familia zinazohamia nchi ya tatu, ni vizuri kujua kwamba kuna mahali ambapo kujitolea ni sharti la kumaliza sekondari. Katika jimbo la Ontario, Kanada, mwanafunzi anatakiwa kuwa na saa 40 za huduma kwa jamii. Katika jimbo la Maryland, Marekani, ni saa 75. Atakayefika huko akiwa na mazoea haya hatashangaa.

Pesa na vitu

Mkichanga pesa, hata kama ni shilingi 500 kila mmoja, andikeni nani ametoa, kiasi gani, na mmenunua nini. Wawili watunze, si mmoja. Someni hesabu mbele ya kundi kila baada ya kazi. Kikundi kingi hufa kwa sababu ya pesa kidogo isiyoelezeka.

Mkigawa nguo au sabuni, msigawe hadharani kwa kupanga watu foleni. Pelekeni nyumbani kwa mtu, kimya. Nguo iwe safi na nzima: kile usichoweza kukivaa wewe, usimpe mwenzako.

Msaada haulipwi. Anayesaidiwa asidaiwe pesa, kazi wala chochote cha mwili. Vilevile, mwanafunzi akiombwa jambo la aina hiyo na mtu mzima anayesimamia kazi, au na mwenye nyumba, aondoke mara moja na aripoti. Hilo ni kosa la mtu mzima, kamwe si la mtoto.

Kwa wazazi na walezi

Una haki ya kuuliza: nani anasimamia, wapi, na mtarudi saa ngapi? Una haki pia ya kukataa. Lakini usikatae kwa sababu tu mwenye kusaidiwa ni wa kabila jingine au wa nchi nyingine. Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo humo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine. Karibu kila aliye na nyumba kambini alianza bila nyumba, na alikuwepo mtu aliyemshikia nguzo wakati anafukia shimo.

Kama mtoto wako ndiye anayelea wadogo zake nyumbani, zungumza naye. Huenda nyumba yenu ndiyo ya kwanza kuhitaji mikono hiyo. Si aibu kuiambia klabu ya shule.

Kama uko Kenya au Tanzania

Kenya. Kakuma imekuwepo tangu 1992 na Kalobeyei tangu 2016. Pale Kakuma mto Tarach huwa mkavu sehemu kubwa ya mwaka, kisha hufurika ghafla na kuvunja nyumba zilizo karibu. Wanafunzi wasiingie majini kuokoa vitu. Kazi yao ni baada ya mafuriko: kusafisha, kufyatua matofali, kuandika orodha. Anzeni kwa kiongozi wa bloku na Idara ya Huduma za Wakimbizi. Kumbukeni pia majirani Waturkana, ambao mafuriko hayo huwafikia vilevile. Katika mtaala mpya wa Kenya, huduma kwa jamii ni sehemu ya masomo ya lazima ya sekondari ya juu, na kundi la kwanza liliingia darasa la 10 mwezi Januari 2026. Mwalimu anaweza kuiunganisha kazi hii na somo hilo.

Tanzania. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kuwapokea Wakongo. Kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali, kwa hiyo msitoke kutafuta miti au nyasi bila kibali hicho. Kabla ya kujenga au kupanua nyumba yoyote, pateni idhini ya uongozi wa kijiji, zoni na ofisi ya mkuu wa kambi, kwa kuwa kuna masharti kuhusu ujenzi. Kigoma mvua huanza karibu na mwezi wa 10 au 11, hivyo malizeni kuta kabla ya hapo.

Ukiona hatari, piga simu

- 116 ni namba ya bure ya kuripoti mtoto aliye hatarini. Inafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania. Itumie kwa mtoto anayelala nje, anayepigwa, au anayetumikishwa.
- 0800 323 232 ni namba ya bure ya Uganda kwa wakimbizi wanaotaka kuuliza, kulalamika au kuomba msaada wa makazi, ulinzi na huduma nyingine.
- Kama huna simu, nenda kwenye dawati la ulinzi lililo karibu, kwa RWC, LC1, mwalimu au kituo cha polisi.

Unaporipoti, taja mahali, shida, na jinsi mtu anavyoweza kupatikana. Si lazima ujue kila kitu. Andika tarehe uliyoripoti na jina la ofisi. Baada ya wiki mbili bila jibu, rudi uulize.

Kwa ufupi

Mwulize mwenyewe kwanza. Tafuteni mtu mzima. Fanyeni kazi ya mikono isiyo ya hatari, kabla ya mvua, nje ya saa za darasa. Andikeni mliyoyaona na kuyapeleka kwa wenye wajibu. Tunzeni siri. Rudini kupiga tabaka la pili, kwa sababu wengi huja siku ya kwanza, na ukuta hukamilika kwa wale wanaorudi.